Aliona theluji Kilimanjaro, London wakambishia: Kisa cha Johannes Rebmann

Mwanza. Wakazi wengi wa jiji hili wanalijua jina la John Speke, Mwingereza aliyefika hapa Agosti 3, 1858 na kulipa Ziwa Nyanza jina la malkia wao, Victoria. Wasichojua wengi ni kwamba safari yake ilichochewa na ramani ya wamisionari wa pwani. Mmoja wao alikuwa tayari amebishiwa na wasomi wa Ulaya kwa kusema kuna theluji Afrika.

Jina lake ni Johannes Rebmann.

Kutoka Gerlingen hadi Rabai

Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Mwaka 1846 alifika Mombasa kumsaidia Mjerumani mwenzake, Ludwig Krapf, katika kituo cha misheni cha Rabai.

Aprili 27, 1848 aliondoka Rabai kwenda Uchagani akiwa na wapagazi wachache, mwavuli wake, na kiongozi wa msafara aliyeitwa Bwana Kheri. Mei 11 asubuhi aliona kitu cheupe juu ya mlima. Akadhani ni wingu. Akamuuliza kiongozi wake, naye akamjibu kwamba ile ni baridi tu. Rebmann, aliyekulia kwenye nchi ya theluji, akaelewa hapohapo anachokitazama.

Waliopanda hawakurudi

Wenyeji walikuwa wanajua zaidi ya hapo. Rebmann alisimuliwa kwamba mtawala wa Machame, Rengua, aliwahi kutuma kundi la watu wakaangalie ile nyeupe ni kitu gani. Aliyerudi hai ni mmoja tu, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Wengi waliamini ni kazi ya pepo wabaya. Kwa Rebmann, huo ulikuwa ushahidi mwingine kwamba kule juu kuna barafu.

London wakatae

Habari hizo zilichapishwa London mwaka 1849, na ubishi ukaanza. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani! Mpinzani mkubwa alikuwa William Desborough Cooley, msomi wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga huku. Kwake, Rebmann alikuwa ameona vibaya.

Rebmann hakuacha kazi. Kwa kuwauliza wafanyabiashara wa misafara, yeye na mwenzake Jakob Erhardt walichora ramani iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ilikuwa na kosa: kumbe ni maziwa matatu, yaani Victoria, Tanganyika na Nyasa. Lakini ndiyo iliyowasukuma wakubwa wa London kuwatuma Burton na Speke. Wawili hao walimtembelea Rebmann mwanzoni mwa 1857. Mwaka uliofuata, Speke alitokea Tabora akafika Mwanza.

Kuhusu theluji, jibu lilikuja mwaka 1862. Karl von der Decken na Otto Kersten walipanda Kilimanjaro hadi zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia wenyewe. Cooley bado alibisha.

Macho yakazimika

Rebmann alikaa Afrika Mashariki miaka 29. Mkewe, Emma, alifariki mwaka 1866. Baadaye mtu aliyeambiwa macho yake yamemdanganya akawa kipofu kweli. Mwaka 1875 alirudi Ujerumani akiongozwa na Isaac Nyondo, kijana wa Rabai, na akafariki Oktoba 4, 1876. Miaka 13 baadaye, Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, mita 5,895.

Mlima bado una hatari

Leo sehemu ya barafu ya Kilimanjaro inaitwa kwa jina la Rebmann. Lakini barafu yenyewe inaisha: kati ya 1912 na 2007, asilimia 85 ya eneo lake ilitoweka.

Kupungua huko hakujaondoa hatari. Januari 2006, mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach na kuua wapandaji watatu, na njia hiyo ikafungwa kwa muda. Ndiyo maana wanaopita huko huondoka usiku, jua likiwa bado halijayeyusha barafu inayoshikilia mawe. Kama una mpango wa kupanda, muulize mwongozaji wako kuhusu njia hiyo kabla hujalipa.