Meja Powell na Nchi ya Kiu

John Wesley Powell alizaliwa tarehe 24 Machi, 1834, katika kijiji cha Mount Morris, jimbo la New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa Waingereza waliohamia huko, na baba yake alikuwa mhubiri. Mzee huyo alichukia utumwa wala hakuyaficha mawazo yake. Kwa hiyo, walipokuwa wakikaa Jackson katika Ohio, watoto wa shule walimpiga John mawe. Wazazi wakamtoa shuleni, akafundishwa na jirani yao, George Crookham, ambaye alimchukua porini kutazama mimea na mawe. Hivyo mateso yale yalimfungulia mlango wa elimu aliyoipenda maisha yake yote.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea mwaka wa 1861, Powell aliingia katika jeshi la Kaskazini. Tarehe 6 Aprili, 1862, katika mapigano ya Shiloh, risasi ilimvunja mkono wa kulia, nao ukakatwa. Wengi wangalikaa nyumbani. Yeye alirudi vitani, akapata cheo cha meja. Vita vilipokwisha akawa mwalimu wa elimu ya miamba katika chuo kimoja cha Illinois.

Siku zile palikuwa na sehemu ya ramani ya Marekani iliyokuwa tupu, nayo ni mabonde marefu ya mto Colorado. Tarehe 24 Mei, 1869, Powell na wenzake tisa waliondoka na mashua nne, wakaufuata mto Green kutoka Wyoming. Mashua moja ilivunjika katika maporomoko, chakula kikapotea. Siku moja Powell alikwama juu ya jabali, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma, ameushika mwamba kwa mkono wake mmoja. Mwenzake Bradley, aliyekuwa juu yake, alivua suruali yake ya ndani akaiteremsha. Powell akauacha mwamba, akaidaka suruali, akavutwa juu. Mwisho wa Agosti watu sita walitoka salama, baada ya safari ya maili kama 1,000. Mmoja alikuwa ameacha safari mapema, na watatu waliokata tamaa siku chache tu kabla ya mwisho hawakurudi makwao kamwe.

Safari hiyo ilimpa Powell sifa kubwa, lakini kazi yake iliyo bora ilihusu nchi kavu iliyo pande zote za mto. Kwa miaka mingi alizunguka Utah na majimbo ya jirani, akakaa na watu wa makabila ya Ute na Paiute, akajifunza lugha zao, akapima mito na mvua.

Sehemu kubwa ya nchi ile hufunikwa na kichaka cha rangi ya kijivu, chenye harufu kali, kinachofika kiunoni au kifuani. Kichaka hicho ni ndugu wa pakanga yetu. Majani yake yana vinyweleo vyeupe vinavyoyalinda yasikauke upesi. Mizizi mingine hutambaa karibu na uso wa ardhi ili kunywa mvua ndogo, na mingine huzama chini kufuata maji ya theluji iliyoyeyuka. Tena usiku mizizi mirefu hupandisha maji na kuyaacha katika udongo wa juu, jambo ambalo wataalamu walilieleza mwaka wa 1987. Kati ya vichaka huota nyasi za mashungi mashungi, ndizo malisho ya mifugo. Kila mmea huwa mbali kidogo na mwenzake, kwa maana maji hayawatoshi wote wakisongamana.

Powell aliona kwamba watu nao wakae kwa mpango kama huo. Mwaka wa 1878 alitoa taarifa yake kwa serikali. Alieleza kuwa mahali ambapo mvua haifiki inchi 20 kwa mwaka, mkulima asiitegemee mvua peke yake. Sheria ya mwaka wa 1862 ilimpa mlowezi ekari 160. Powell alisema kwamba penye maji ya kumwagilia, ekari 80 zatosha. Lakini penye malisho tu, jamaa moja yahitaji ekari 2,560. Alitaka maji yaambatane na shamba, ili tajiri asiyanunue na kuwaacha maskini na mchanga. Alionya pia kwamba nyasi zile zikilishwa kupita kiasi hufa upesi, na magugu hushika mahali pake.

Lakini siku zile wako waliowaambia watu kwamba wakilima, mvua italifuata jembe. Maneno hayo yalikuwa matamu, na Bunge halikukubali mpango wa Powell. Alikuwa mkuu wa idara ya serikali ya kuchunguza miamba na ardhi tangu mwaka wa 1881, na bado hakusikilizwa. Mwaka wa 1893, katika mkutano mkubwa mjini Los Angeles, alisema kuwa maji ya nchi kavu hayatatosha ardhi yote iliyokusudiwa kulimwa. Wakamzomea. Mwaka uliofuata aliacha ukuu wake, naye akafa tarehe 23 Septemba, 1902, mwenye umri wa miaka 68.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miaka ya 1930 upepo uliuchukua udongo wa mashamba ya tambarare, na maelfu ya jamaa wakahama mikono mitupu. Mwaka wa 1934 tu ndipo sheria ilipoweka mipaka ya kulisha mifugo katika ardhi ya serikali. Katika nchi ya pakanga, ng'ombe na kondoo walikuwa wamekwisha kuzimaliza nyasi za mashungi mahali pengi, na nyasi ngeni kutoka Ulaya na Asia ikaingia. Nyasi hiyo hukauka mapema, ikashika moto kwa urahisi, na kichaka kile kikiungua hakichipui tena shinani. Hata leo wataalamu wanahangaika kukirudisha.

Powell alipima kwanza, ndipo akasema. Nasi tunaojifunza jiografia tukumbuke kupima mvua na malisho kabla ya kugawana ardhi.