Ernst Abbe, mtoto wa msokotaji aliyenyoosha vipimo

Katika soko lolote la mpakani, mizani ya mshale huzua ugomvi. Muuzaji aliyesimama kushoto anasoma namba moja, mnunuzi wa kulia anasoma nyingine, na kila mmoja ana hakika kwamba hadanganyi. Kosa ni la jicho linalotazama upande. Aliyetafuta dawa ya kosa la namna hiyo katika vioo vya kupimia ni Mjerumani, Ernst Abbe.

Abbe alizaliwa tarehe 23 Januari 1840 mjini Eisenach. Baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha kusokota nyuzi, saa 14 hadi 16 kwa siku. Mtoto alimpelekea chakula cha mchana, na baba alikila amesimama kando ya mashine. Waajiri wa baba ndio waliosaidia kumsomesha kijana huyo. Sisi tuliosoma uhamishoni kwa msaada wa watu wengine tunajua uzito wa jambo hilo.

Alipata udaktari mwaka 1861 huko Göttingen, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Jena. Mwaka 1866 Carl Zeiss, fundi wa hadubini mjini humo, alimwomba msaada. Mafundi wa wakati ule walitengeneza lenzi kwa kubahatisha, wakijaribu kioo kimoja baada ya kingine. Abbe akaleta hesabu. Robert Koch, aliyegundua vijidudu vya kifua kikuu mwaka 1882 na kufika visiwa vya Ssese, Uganda, mwaka 1906 kuchunguza malale, alifaidika na vioo hivyo.

Mwaka 1878 Abbe alishughulikia upimaji. Lenzi ya kawaida huona kama jicho letu: kitu kikisogea karibu huonekana kikubwa, kikirudi nyuma huonekana kidogo. Hivyo mpimaji hukosea kwa sababu tu kitu hakikukaa mahali pake barabara. Abbe alieleza kwamba ukiweka kizuizi chenye tundu dogo kwenye fokasi ya nyuma ya lenzi, picha itaundwa na miale inayotoka kwenye kitu ikiwa imenyooka. Kitu kikisogea kidogo, picha inaweza kufifia, lakini ukubwa wake haubadiliki. Lenzi hizo huitwa za telesentriki.

Leo kamera zenye lenzi hizo hukagua skrubu na vipuri viwandani bila kuvigusa. Ila zina gharama: kioo cha mbele lazima kiwe kipana angalau kama kitu kinachopimwa, kwa hiyo ni nzito na ghali. Asitokee mtu wa kutaka kupima lori kwa njia hiyo!

Zeiss alifariki mwaka 1888. Abbe, ambaye sasa alikuwa tajiri, mwaka 1889 aliunda wakfu kwa jina la Zeiss, na mwaka 1891 akaukabidhi hisa zake za kiwanda. Wafanyakazi walipata pensheni na likizo yenye malipo. Mwaka 1900 siku ya kazi ilipunguzwa kutoka saa tisa hadi nane, mshahara ukabaki uleule. Kama kawaida yake, Abbe alipima matokeo, akakuta kazi iliyofanyika imeongezeka kidogo.

Yeye mwenyewe hakujipimia saa nane. Kazi ilimdhoofisha, akaacha uongozi mwaka 1903, akafariki Jena tarehe 14 Januari 1905.