Mt. Juan Diego: Aliyezunguka Kilima

Juan Diego alikuwa mzawa maskini wa Meksiko. Tarehe 9 Desemba 1531, akienda kanisani kwa miguu, Mama Maria alimtokea kwenye kilima cha Tepeyac, penye mawe, miiba na dungusi tupu, akamtuma kwa askofu. Askofu akataka ishara.

Siku ya 12 mjomba wake alikuwa mahututi. Juan akakimbia kumwita padre, akazunguka kilima makusudi asikutane na Mama. Mama akashuka, akamfuata hukohuko, akamwambia mjomba kapona, akamtuma kileleni. Kwenye miiba akakuta maua! Alipoyamwaga mbele ya askofu, picha ya Mama ikaonekana kwenye vazi lake.

Kijana wa Mbweni, ukiwa unauguza nyumbani na sala unaikwepa, usiogope: Mama anaijua hata njia ya kuzunguka.

Mt. Juan Diego, utuombee!