Arne Tiselius, mutu mwenye alifundisha umeme kupanga damu

Wazazi wengi wa Goma, Bukavu, Bunia, Kalemie na Kisangani wanajua zile herufi mbili: SS. Ni ugonjwa wa damu wenye waganga wanaita drepanositozi. Kongo ni mojawapo ya inchi za dunia zenye watoto wengi zaidi wanazaliwa nao. Ili kujua kama mutoto ni SS, ao ni AS, ao ni AA, labo yenye vifaa inaweka tone dogo la damu kwenye kipande cha jeli, inapitisha umeme, kisha inaangalia mistari yenye imejipanga. Kipimo hicho kinaitwa elektroforezi.

Nyuma ya kipimo hicho kuko mutu mumoja wa inchi ya Sweden, Arne Tiselius, mwenye alikufa mwaka wa 1971. Alitumia karibu miaka kumi na mbili ya ujana wake kutafuta jibu la ulizo moja: namna gani kupitisha umeme ndani ya maji ya damu bila kuiharibu wala kuichanganya? Jibu lake lingali linafanya kazi mu labo zenye zinapima SS kwa umeme. Na pale labo inalisahau, familia inaweza kupewa matokeo ya uongo.

Mutoto mwenye alipoteza baba mapema

Arne Wilhelm Kaurin Tiselius alizaliwa tarehe 10 mwezi wa nane mwaka wa 1902, mu muji wa Stockholm. Baba yake alikufa wakati Arne alikuwa bado mutoto mudogo. Mama alihama na watoto, wakaenda kuishi Göteborg, karibu na familia ya baba. Kule ku masomo ya sekondari, mwalimu mumoja wa kemia, lile somo lenye wanafunzi wa Kongo wanaita shimi, aliona kama huyu kijana iko na akili ya kupima vitu. Akamutia moyo.

Mwaka wa 1921 Tiselius aliingia ku iniversite ya Uppsala. Alifika kule juu ya mutu mumoja: profesere The Svedberg, mwenye alikuwa anajulikana sana kwa kuchunguza chembe ndogo zenye zinaelea ndani ya maji. Kisha kumaliza masomo ya kemia, fizike na hesabu mu 1924, Tiselius alikuwa musaidizi wake mu 1925. Mwaka wenye ulifuata, Svedberg alipata tuzo ya Nobel. Kijana alikuwa amefika mahali pazuri.

Svedberg alikuwa anatenganisha proteini kwa kuzizungusha mbio sana ndani ya mashine. Proteini ni zile chembe zenye zinajenga mwili. Mu damu ziko za namna mingi. Lakini proteini mbili zinaweza kuwa na uzito sawasawa na zisiwe kitu kimoja. Hapo kuzungusha hakusaidii. Svedberg akamupa Tiselius njia ingine ya kujaribu: umeme.

Pirogi zenye uzito mumoja

Wazo lenyewe si gumu. Proteini yenye iko ndani ya maji ya chumvi maalum inabeba nguvu kidogo ya umeme. Ukitia waya mbili ndani ya yale maji, moja ya chanya na moja ya hasi, proteini inaanza kutembea kuelekea upande wenye unaivuta. Ile yenye iko na nguvu mingi inatangulia, ile yenye iko na nguvu kidogo inabaki nyuma. Ni sawa pirogi kwenye ziwa Kivu: mbili zinaweza kuwa na uzito mumoja, lakini yenye wapiga kasia wanne itaacha yenye wawili.

Shida ni kama umeme unaleta moto. Kila mara umeme unapita ndani ya maji, maji inapata joto. Na maji yenye joto haitulie: ile ya chini inapanda, ile ya juu inashuka, sawa mu sufuria kwenye makala. Sasa pirogi zote zinachanganyika, na hakuna mutu anaweza kusema ni gani ilitangulia.

Tiselius alifanya hiyo kazi kwa miaka, akaitetea mbele ya maprofesere mu 1930, mwaka uleule alioa bibi yake Greta Dalén. Watu walisifu kitabu chake. Yeye mwenyewe hakuridhika. Aliona kama njia yake ingali inachanganya vitu, na mistari yake haiko wazi. Akaiacha. Kwa miaka kadhaa alishugulika na mawe fulani yenye yanaweza kunywa maji na hewa, kazi ingine kabisa.

Kurudi ku kazi yenye ilimushinda

Mu 1934 alipata musaada wa kwenda Marekani, ku iniversite ya Princeton, kwa mwaka mumoja. Kule alikutana na wachunguzi wa damu na wa magonjwa. Wote walikuwa na shida moja: walipashwa kutenganisha proteini za damu na hawakuwa na njia ya kuamini. Tiselius alielewa kama ile kazi yenye aliacha ndiyo yenye watu wanangojea. Akarudi Uppsala na kuanza upya.

Alibadilisha karibu kila kitu. Kwanza, badala ya bomba la muviringo, alitumia bomba jembamba, bapa, lenye umbo la herufi U, ili joto litoke mbio kupitia pembeni. Pili, alilikata vipande vyenye vinaweza kusukumwa, ili kila proteini itolewe peke yake. Tatu, na hapa ndipo akili kubwa ilikuwa, aliweka bomba lote ndani ya maji baridi, karibu na digri 4. Sababu ni hii: kwenye digri 4 maji iko na uzito wake mukubwa zaidi, na ikipata joto kidogo, uzito wake karibu haubadilike. Maji yenye uzito sawasawa haipande wala kushuka. Inatulia. Sasa aliweza kuongeza umeme bila kuchanganya kitu.

Mashine yote, pamoja na taa na vioo vya kuangalia mipaka ya proteini zenye hazina rangi, ilikuwa na urefu wa karibu mita 6. Haikuwa kitu cha kuweka ku meza.

Alipotia ndani serumu ya damu ya farasi, aliona kitu chenye mutu mwingine hakukuwa ameona wazi: albumini mbele, na nyuma yake vikundi vitatu vya globulini. Akavipa majina ya herufi za Kigiriki: alfa, beta na gama. Majina hayo yangali mu vitabu vya waganga mpaka leo. Lakini gazeti moja la wachunguzi wa baiolojia lilikataa kazi yake, likiona kama ni mambo ya fizike tu. Ilitoka ku gazeti lingine, huko Uingereza, mu 1937. Mwaka wa 1938 alipewa kiti cha profesere ku Uppsala. Kisha kidogo, yeye na kijana Mumarekani, Elvin Kabat, walionyesha kama kinga zenye mwili unatengeneza kisha kudungwa sindano ziko zaidi mu kile kikundi cha gama.

Mwaka wa 1948 Tiselius alipokea tuzo ya Nobel ya kemia, peke yake.

Kutoka Uppsala mpaka ku SS

Mwaka mumoja kisha tuzo hiyo, kazi yake iligusa ugonjwa wenye familia za Afrika zilikuwa zinajua kwa machozi. Ku Pasadena, jimbo la California, Linus Pauling na wenzake, kati yao docta kijana Harvey Itano, walichukua hemoglobini, ile proteini yenye inapatia damu rangi nyekundu, ya wagonjwa wa SS. Wakaitia ndani ya mashine ya namna ya Tiselius. Hemoglobini ya mugonjwa haikutembea sawa na ya mutu muzima. Na ya mutu mwenye kubeba ugonjwa bila kuugua, yaani AS, ilionyesha zote mbili pamoja.

Ilikuwa mu 1949. Mara ya kwanza, ugonjwa ulionekana kuwa kosa ndani ya chembe moja tu ya mwili. Si laana, si uchawi, si kosa la mama peke yake. Kila muzazi anatoa nusu. Baba AS na mama AS, kwa kila mimba, mara moja kati ya ine mutoto anaweza kuwa SS, mara moja AA, na mara mbili AS.

Kisanduku cha leo

Ile mashine ya mita 6 haiko tena. Wachunguzi wengine walianza kutumia karatasi, na mu 1955 Oliver Smithies, huko Kanada, alitumia jeli ya wanga. Jeli inashika maji ili isizunguke, na kazi yenye Tiselius alifanya kwa baridi inafanywa sehemu kubwa na jeli. Leo kuko sanduku dogo la plastiki lenye jeli na maji ya chumvi yenye wana-labo wanaita tamponi, na pembeni kisanduku cha kutoa umeme.

Kwa nini kisanduku, na umeme wa ukuta uko? Umeme wa ukuta wa volti 220 unabadilisha upande mara 100 kila segonde. Proteini ingetikisika tu pale iko. Kisanduku kinageuza ule umeme kuwa wenye kwenda upande mumoja, na kinaulinda ili usipande wala kushuka. Ndiyo maana mu miji yenye umeme unakatika, labo inaomba stabilizatere, ao batri na plake za jua, mbele ya kuomba jeli nzuri.

Na adui ni yule yule wa Tiselius: joto. Volti 300 na miliamperi 10 zinatoa wati 3. Kama tamponi ilitengenezwa nzito kupita kipimo na umeme ukapanda mpaka miliamperi 40, ni wati 12, joto mara ine. Mistari inapindika sawa mudomo wenye kucheka, ao jeli inaharibika. Dawa ni kupunguza volti na kutengeneza tamponi upya.

Kama kisanduku kinaonyesha volti lakini miliamperi ni sifuri, umeme haupite. Angalia kama kifuniko kimefungwa vizuri, kama waya zimeingia, kama tamponi inafika pande zote mbili, kama ule waya mwembamba wa ndani haukukatika. Vipovu vidogo kwenye waya ni alama ya kama umeme unapita. Kama damu ilitembea kwenda nyuma, waya nyekundu na nyeusi zilibadilishwa. Kama umeme ulikatika katikati, mistari inatawanyika. Afazali kuanza upya na jeli mupya. Na mukono usiingie ndani mbele ya kuzima kisanduku na kutoa waya: volti 300 zinaua.

Ulinzi mukubwa zaidi ni kuweka, pembeni ya damu ya mugonjwa, damu ingine yenye matokeo yake inajulikana. Kwenye jeli ya kawaida ya SS, hemoglobini A inatangulia na S inabaki nyuma. Kama ile damu yenye kujulikana haikujipanga namna hiyo, hakuna matokeo ya kupatia mutu yeyote siku hiyo.

Miaka ya mwisho

Tiselius hakubaki tu mu labo. Alisimamia halmashauri ya uchunguzi ya inchi yake, akaongoza muungano wa dunia wa watu wa kemia, na kuanzia 1960 mpaka 1964 alikuwa prezida wa shirika la Nobel. Uzeeni alikuwa na wasiwasi juu ya namna watu wanatumia uvumbuzi, na alisaidia kukusanya wachunguzi na wenye kufikiri ili kuzungumuzia jambo hilo. Moyo wake ulisimama, akakufa tarehe 29 mwezi wa kumi 1971.

Kwa familia za mashariki ya Kongo, kitu kimoja ni cha kukumbuka mbele ya ndoa ao kisha kuzaa. Kile kipimo cha haraka chenye labo nyingi zinafanya kwa kioo, chenye kinaitwa Emmel, kinaonyesha kama S iko mu damu, lakini hakitenganishe AS na SS. Elektroforezi inatenganisha. Siku hizi kuko pia vipimo vidogo vya haraka vyenye havihitaji umeme. Kama mutu aliongezewa damu hivi karibuni, anapashwa kusema ku labo mbele ya kupimwa, sababu damu ya mwingine inaweza kuficha ile yake. Na muzazi iko na haki ya kuuliza ni kipimo gani kilifanywa, na kama kulikuwa ile damu ya pembeni yenye kujulikana.