Kigeli Rwabugiri na kisiwa cha Ijwi

Richard Kandt alipouasisi mji wa Kigali mwaka 1907, mfalme anayekumbukwa zaidi kwa vita vya kuipanua Rwanda alikuwa amefariki miaka 12 kabla. Kigeli wa Nne Rwabugiri hakukaa katika mji mkuu mmoja. Alihama kutoka makao hadi makao, mara nyingi akiwa vitani au akijiandaa kwa vita.

Mojawapo ya shabaha zake ilikuwa Ijwi, kisiwa kikubwa cha Ziwa Kivu kilichokuwa na mfalme wake, Kabego. Rwabugiri alijenga makao Rubengera, upande wa mashariki wa ziwa, akavusha majeshi kwa mitumbwi. Wingi wa mikuki haukutosha. Ilibidi apate mtu wa ndani. Nkundiye, mwana wa Kabego, aliungana na mvamizi. Kabego akauawa, na Ijwi ikawekwa chini ya Rwanda.

Nyumbani nako mkono wake ulikuwa mzito. Aliwaondoa machifu wa kurithi na kuweka watu aliowateua mwenyewe, waliomtegemea yeye tu. Chini yake ilienea uburetwa, kazi ya lazima kwa chifu, iliyowaangukia hasa wakulima Wahutu. Madhara yake yalidumu kuliko ushindi wake wowote wa vitani.

Mwaka 1889 alimtawaza mwanawe Rutarindwa kuwa mtawala mwenza. Kwa kuwa mama mzazi wa kijana huyo alikuwa hayupo tena, alimchagua mkewe mwingine, Kanjogera, awe mama malkia, ingawa naye alikuwa na mwana wa kumzaa. Kwa mtu aliyewashuku wengi, uamuzi huo unashangaza.

Rwabugiri, ambaye mwaka 1894 alikuwa amempokea Mjerumani von Götzen huko Kageyo, alifariki Septemba 1895 akiwa katika msafara wa vita dhidi ya Bushi, ng'ambo ya ziwa. Mwaka uliofuata, huko Rucunshu, upande wa Kanjogera ulimpindua Rutarindwa, naye akafa. Musinga, mwana wa Kanjogera, akatawazwa.

Wakati wakuu wakigombania kiti, Ijwi ilijitoa mikononi mwa Rwanda na kurudi kwa ukoo wa Kabego. Mwaka 1910, Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza walipokubaliana mipaka mjini Brussels, kisiwa hicho kilipewa Wabelgiji. Hadi leo kiko Kongo.