Mtemi Isike wa Unyanyembe na Ngome ya Udongo Iliyozuia Mizinga

NZEGA, TABORA – Barabara ya lami itokayo Tabora kuelekea Mwanza hupita Nzega, mji unaokutanisha pia wasafiri watokao Singida na waendao Shinyanga na Kahama. Njia hiyo si mpya. Katika karne ya 19 misafara ya wapagazi iliyotoka pwani ilipumzika Tabora, kisha baadhi yake ikageukia kaskazini kupitia nchi ambayo leo ni Wilaya ya Nzega, ikielekea Usukuma, Karagwe na Buganda. Mwaka 1858 John Hanning Speke alifuata mwelekeo huo alipolitafuta ziwa ambalo baadaye aliliita Victoria. Aliyeishika Tabora aliishika njia yote, na kwa miaka 17 mtu aliyedai haki ya kuishika kuliko mwingine yeyote alikuwa Mtemi Isike wa Unyanyembe.

Jina la Isike, aliyefahamika pia kama Mwanakiyungi, hutajwa katika masomo ya historia pamoja na majina ya Mkwawa wa Uhehe na Meli wa Moshi. Hata hivyo, jambo moja katika maisha yake halizungumzwi sana. Ngome iliyomwezesha kuwarudisha nyuma Wajerumani haikujengwa kwa mawe wala kwa chokaa. Ilijengwa kwa udongo, miti, nyasi na kamba za magome, vitu ambavyo mkazi yeyote wa Nzega au Uyui anaweza kuviona shambani mwake hadi leo.

Utemi aliourithi Isike ulikuwa na jeraha. Wafanyabiashara Waarabu kutoka pwani walikuwa wamejenga makazi yao Unyanyembe tangu miaka ya 1850, wakivutiwa na pembe za ndovu na watumwa. Mtemi Mnywa Sele alipojaribu kuwatoza kodi, walimpinga, wakamwondoa madarakani mnamo 1860 na kumsimika Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele alipigana kwa miaka kadhaa kurudi katika kiti chake, mpaka alipouawa mwaka 1865. Tangu hapo kila mtemi wa Unyanyembe alijua kwamba kiti chake kilikuwa na majirani wenye bunduki, wenye mali, na wenye uzoefu wa kumwondoa mtawala wasiyempenda.

Kisha ikaja vita ya Mirambo. Mtemi huyo wa Uyowa, aliyejenga dola yake upande wa magharibi, alipigana na Waarabu wa Tabora na Mtemi Mkasiwa kuanzia mwaka 1871. Mwezi Agosti mwaka huo majeshi yake yaliingia Tabora na kuteketeza sehemu ya mji. Henry Morton Stanley, aliyekuwa safarini kumtafuta Dkt. David Livingstone, alijikuta akitoboa matundu ya kupitishia bunduki katika kuta za nyumba aliyokaa Kwihara. Vita hiyo iliendelea hadi mwaka 1875. Mkasiwa alifariki mwaka uliofuata, na Isike akashika utemi mwaka huo wa 1876.

Vita hizo zilibadilisha namna watu wa Unyamwezi walivyojenga. Nyumba ya asili ya Mnyamwezi ilikuwa ya duara, yenye paa la nyasi, ambayo wengi huiita msonge. Paa la nyasi lilikuwa rahisi kuwashwa moto na adui. Kwa sababu hiyo, makazi ya tembe yalienea katikati ya karne ya 19, hasa mahali palipopita misafara na vita. Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye paa bapa, na mara nyingi vyumba vyake huzunguka ua wa ndani, hivi kwamba ukuta wa nje wa nyumba huwa pia ukuta wa kijiji.

Ujenzi wake ulihitaji maarifa ya kuchagua na kupanga vifaa. Nguzo za miti migumu ya miombo zilichimbiwa ardhini, fito zikafungwa kwa kamba za magome, na udongo uliokandwa kwa maji ukajazwa katikati na kusilibwa nje na ndani. Juu ya kuta zililazwa boriti. Juu ya boriti zilipangwa fito zilizokaribiana, kisha tabaka la nyasi au magome ili udongo usipukutike, na mwisho tabaka nene la udongo mbichi lililoshindiliwa mpaka likawa gumu. Paa hilo lilikuwa sakafu pia. Watu waliweza kupanda juu, kuanika nafaka, na wakati wa vita kumtazama adui kutoka mbali. Sakafu ya chini ilitengenezwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hushikamana vizuri, ukapigwa kwa vipande vya mti na kusilibwa kwa samadi ya ng'ombe.

Nguvu ya ujenzi huo ilitokana na kuunganisha vitu viwili vyenye tabia tofauti. Udongo hustahimili kubanwa lakini hupasuka unapovutwa au unapokauka. Nyuzi za mimea hustahimili kuvutwa lakini peke yake hupinda na kuungua. Vikiwekwa pamoja, kimoja hufidia udhaifu wa kingine. Kanuni hiyo ndiyo iliyotumiwa na Ludwig Hatschek wa Austria, aliyepata hataza mwaka 1901 ya kutengeneza bodi za saruji kwa kulaza matabaka membamba ya saruji na nyuzi, moja juu ya jingine, na kuyabana. Hatschek alitumia nyuzi za asbesto, ambazo baadaye zilibainika kuwa na madhara makubwa kwa mapafu. Viwanda vingi sasa vimeziacha na kurejea kwenye nyuzi za mimea katika kutengeneza bodi za kuta, dari na sakafu. Kanuni iliyo ndani ya bodi hizo mafundi wa Unyamwezi walikuwa wakiitumia kabla ya kiwanda hicho kuwapo.

Isike aliitumia kanuni hiyo kwa kiwango cha dola. Makao yake makuu yaliitwa Kwikuru, neno linalotokana na lile ambalo Kiswahili kimelichukua kuwa ikulu. Kwikuru ya Isike, iliyokuwa mwendo mfupi kutoka makazi ya Waarabu ya Tabora, ilizungushiwa kuta nene za udongo ulioimarishwa kwa miti, na ndani yake kulikuwa na majengo ya tembe, maghala ya chakula na ghala la baruti. Wajerumani, waliomwita Siki katika kumbukumbu zao, waliikuta ngome hiyo ikiwa miongoni mwa boma imara kuliko zote walizowahi kuzishambulia katika bara la Tanganyika.

Lakini kuta hazikuwa silaha yake ya kwanza. Kwa miaka mingi Isike alitumia hongo, yaani ushuru uliotozwa misafara kwa kupita katika nchi ya mtemi. Ushuru huo ulimpatia vitambaa, bunduki na baruti, na kwa vitu hivyo aliweza kuwalipa askari wake, wakiwemo rugaruga. Uhusiano wake na wafanyabiashara Waarabu ulikuwa wa kuhitajiana na kushukiana kwa wakati mmoja. Waliuziana bidhaa na kusimama upande mmoja dhidi ya Mirambo, lakini Isike hakutaka kuwa mtemi wa kusimikwa na kuondolewa kama ilivyotokea kwa waliomtangulia. Mirambo alipofariki mwezi Desemba 1884 na dola yake kuanza kusambaratika, Isike alibaki mtawala mwenye nguvu kuliko wengine katika eneo la kati la njia ya misafara.

Upande wa kaskazini, katika nchi ambayo leo ni Nzega, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Huko Usongo, Mtemi Mtinginya alishirikiana na Charles Stokes, raia wa Ireland aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1878 kama mmisionari na baadaye akawa mfanyabiashara wa misafara. Stokes alioa katika ukoo wa watawala wa Usongo na kuifanya nchi hiyo kuwa kituo chake cha kuandikisha wapagazi. Wajerumani walipoanza kuenea bara, Stokes aliingia katika utumishi wao. Hivyo, wakati Isike akijiandaa kuwazuia wageni hao Tabora, majirani zake wa kaskazini walikuwa tayari na mapatano nao.

Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwa ametumwa na utawala wa Kijerumani, alifika Tabora na kupandisha bendera ya Ujerumani kwa makubaliano na Waarabu. Kwa Isike kitendo hicho kilikuwa na maana iliyo wazi. Wageni walikuwa wamefanya mkataba kuhusu nchi yake na watu ambao nao walikuwa wageni. Emin aliendelea na safari hadi Ziwa Victoria, ambako mwishoni mwa mwaka huo alianzisha kituo cha Bukoba. Kuanzia hapo njia ya Tabora kwenda kaskazini ikawa mshipa wa mawasiliano kati ya pwani na vituo vipya vya ziwani, na kikosi kidogo cha Wajerumani kilichoachwa Tabora kilijikuta kikiishi jirani na mtemi asiyeitambua bendera yake.

Kipindi hicho kilikuwa kigumu kwa wakoloni. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikiangamiza kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo. Mwezi Juni 1892 kikosi kingine cha Kijerumani kilishindwa na watu wa Mtemi Meli karibu na Moshi. Mwaka huohuo wa 1892 Wajerumani waliishambulia Kwikuru, na mashambulizi yao yakashindwa. Risasi zilizopiga kuta zilizama katika udongo. Ukuta wa mawe hupasuka na kurusha vipande unapopigwa na mzinga, lakini ukuta mnene wa udongo wenye fito na nyuzi ndani yake humeza kishindo na kubaki umesimama, na pale ulipotoboka ungeweza kuzibwa usiku kwa udongo uleule.

Serikali ya kikoloni haikuweza kuliacha jambo hilo lipite. Kushindwa mara kwa mara mbele ya ngome ya udongo kulikuwa kunawafundisha watemi wengine kwamba Wajerumani wangeweza kuzuiwa. Mwezi Januari 1893 Luteni Tom von Prince aliongoza shambulio jipya. Alikuwa na askari waliofunzwa, silaha kubwa, na zaidi ya hayo, msaada wa watu wa eneo hilo waliokuwa na ugomvi na Isike. Safari hii washambuliaji walifanikiwa kuingia ndani ya boma.

Isike hakukimbia wala hakujisalimisha. Alipoona adui yuko ndani ya kuta zake, aliingia katika ghala la baruti na kulilipua. Mlipuko haukummaliza papo hapo. Wajerumani walimkuta akiwa hai kwa shida, na katika hali hiyo ya kufa wakamnyonga. Kwa mtazamo wao ilikuwa lazima ionekane kwamba mtemi huyo ameuawa na mamlaka yao, si kwa mkono wake mwenyewe. Watu wa Unyanyembe hawakulikumbuka hivyo. Walichokihifadhi katika simulizi ni kwamba mtemi wao alichagua kifo chake.

Baada ya kuanguka kwa Kwikuru, Tabora ikawa kituo kikuu cha utawala wa Kijerumani katika eneo la magharibi, na watemi wa Unyanyembe waliofuata walitawala kwa idhini ya wakoloni. Njia ya kaskazini kupitia Nzega ikawa wazi kwa majeshi na kodi zao. Ukoo wa watemi hata hivyo haukutoweka katika historia ya nchi. Kutoka humo alitoka Chifu Abdallah Said Fundikira, aliyekuwa miongoni mwa mawaziri wa Mwalimu Julius Nyerere Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961.

Maisha ya Isike yanafundisha mambo mawili ambayo hayapaswi kutenganishwa. La kwanza ni heshima kwa maarifa ya mahali. Nyumba ya udongo mara nyingi huhesabiwa kuwa dalili ya umaskini, na ni kweli kwamba ina mahitaji yake: paa la tembe hutaka kushindiliwa upya kila baada ya masika, na miti yake hutaka kulindwa dhidi ya mchwa. Lakini vifaa hivyo vikipangwa na fundi anayevijua vilihimili mizinga ya jeshi la kisasa la wakati huo. Nyumba ya tembe ya Kwihara, inayohifadhiwa kama makumbusho nje kidogo ya mji wa Tabora, huwapa wananchi nafasi ya kuona aina hiyo ya ujenzi kwa macho yao.

La pili ni kwamba kuta peke yake hazitoshi. Ngome ya Isike haikuangushwa kwa sababu ilijengwa kwa udongo. Iliangushwa na dola iliyoweza kurudi tena na tena kwa silaha zaidi, huku watawala na wafanyabiashara waliomzunguka mtemi huyo wakiwa wamegawanyika, kila mmoja akitafuta mapatano yake na mgeni. Udongo wa Kwikuru ulishikwa pamoja na nyuzi na fito zilizopita ndani yake kutoka upande hadi upande. Tawala za Unyamwezi wa wakati ule, kuanzia Urambo hadi Unyanyembe na Usongo, hazikuwa na kitu cha kuzishika pamoja namna hiyo.