Bibi Titi Mohamed na kiti cha Rufiji

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Katika miaka ya 1950 aliongoza akina mama wa TANU, akiwavuta wengi mno kununua kadi. Baada ya uhuru alikuwa mbunge wa Rufiji na waziri mdogo.

Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, kila jimbo lililoshindaniwa lilipewa wagombea wawili wa TANU: mmoja wa jembe, mwingine wa nyumba. Rufiji ikamwangusha, naye si peke yake. Waziri wa Fedha Paul Bomani alianguka Mwanza. Wanavijiji hawakuogopa majina makubwa.

Mwaka 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa maisha, akaachiwa 1972. Alifariki mwaka 2000.